Mradi wa Mteja Darasani: Kazi ya Nani, Jasho la Nani?

Mwaka 2006 manispaa ya Utrecht, nchini Uholanzi, ilikuwa na jambo zito la kuwaeleza wakazi wake. Eneo linaloizunguka stesheni kuu ya reli lilikuwa limepangiwa kubomolewa na kujengwa upya, kazi ya miaka mingi. Ramani za mipango miji zilikuwepo, ila ni wachache wanaoweza kuzisoma. Basi wanafunzi wa gemu wa mji huohuo wakapewa kazi: tengenezeni gemu itakayomtembeza mkazi katika eneo hilo jinsi litakavyokuwa baada ya miaka kumi hivi. Walichorudi nacho ni donge laini linalobingirika mitaani na kupaka rangi kila jengo linaloligusa. Wakaiita de Blob, ikawekwa kwenye intaneti bure. Kampuni ya Marekani, THQ, ikanunua haki zake, ikawakabidhi Blue Tongue wa Melbourne, Australia, na mwaka 2008 de Blob ikatoka kama gemu kamili ya Nintendo Wii. Baadhi ya wanafunzi wale wakafungua studio yao, Ronimo Games, ambayo baadaye ilitengeneza Awesomenauts.

Mtu akitaka kutetea miradi ya waajiri vyuoni, huanzia hapo. Mimi pia nimeanzia hapo, kwa sababu naamini shahada ya usanifu wa gemu isiyo na mteja wa kweli ina pengo kubwa. Lakini hadithi ya Utrecht haijibu maswali yanayomkera mwanafunzi na mzazi wake: nani alipwe, nani amiliki, na kijana abaki na nini mkononi mradi ukiisha. Kwa hiyo nimeziweka mezani sauti nne. Nimezitunga mwenyewe kutokana na hoja zinazorudi kila jambo hili linapozungumzwa. Wanaongea wakiwa Nairobi, ila mifano yao mingi ni ya ng'ambo, maana huko ndiko jambo hili limezoeleka.

Mhadhiri: Nianze na darasa lisilo na mteja. Mwanafunzi anakuja wiki ya kwanza na gemu ya dunia nzima: miji kumi, mazimwi, mvua inayonyesha na kuacha, historia ya wafalme. Wiki ya kumi na mbili anawasilisha mlango mmoja unaofunguka na ngazi ambayo mhusika akipanda anazama ndani ya sakafu. Si mvivu huyo. Amekesha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia wiki ya pili, akamaanisha, "Hii haitaisha, punguza." Mimi nilimwambia, lakini mimi ni mwalimu wake, na anajua nitatafuta la kumsifia. Mteja ana tarehe. Ana watu wa kuwaonyesha. Akisema punguza, kijana anapunguza, na hapo ndipo anapoanza kujifunza usanifu.

Mwenye studio: Mwalimu amenisaidia. Niongeze la kwangu. Kijana akija kuomba kazi, simuulizi gemu anayoipenda. Namuuliza kama amewahi kufanya kazi na watu watano ndani ya hifadhi moja ya faili. Niliwahi kumpokea mchoraji hodari, mkono wake unatisha kwa uzuri. Wiki ya kwanza akahifadhi mhusika mkuu kwa jina jipya, akafuta la zamani, akaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi kila aliyefungua gemu aliona uwanja mtupu, mhusika hayupo, na siku nzima ikaishia kutafuta kosa. Hakuwa na hatia. Miaka minne yote alikuwa anafanya kazi peke yake kwenye kompyuta yake, na jina la faili lilikuwa siri yake na moyo wake.

Mzazi: Na hilo la majina ya faili haliwezi kufundishwa na mwalimu?

Mwenye studio: Linaweza, mama. Linafundishwa Jumanne na kusahaulika Jumatano. Mtu hulishika siku anapowaharibia wenzake kazi.

Mhadhiri: Na kuna jambo la tatu, ambalo mimi nalipenda kuliko hayo mawili. Ni kuketi nyuma ya mchezaji na kunyamaza. Ukimleta mgeni acheze gemu yako, kanuni ni moja: usiseme neno. Unamwona anabonyeza kitufe kisichofanya kitu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Unamwona anaupita mlango uliouchora siku tatu bila kuutazama. Mwanafunzi hutamani kuruka na kusema, "Hapo, kushoto, kushoto!" Namshika bega. Kama ni mwanafunzi mwenzake anayecheza, atasema "iko poa" na kuondoka. Ila kama aliyeishika pedi ni karani wa mteja, mtu wa miaka hamsini ambaye gemu ya mwisho kucheza ilikuwa ya nyoka kwenye Nokia, yule haoni aibu kuuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Swali hilo moja linazidi mihadhara yangu ya mwezi mzima.

Hapo niingilie kidogo. Hoja ya Mhadhiri ina mji wake, na mji huo ni Dundee, Uskoti. Chuo Kikuu cha Abertay kilianzisha shahada ya gemu za kompyuta mwaka 1997, na kinatambuliwa kuwa cha kwanza duniani kufanya hivyo. Haikuwa bahati. Katika mji huo kulikuwa na DMA Design ya David Jones, iliyotoa Lemmings mwaka 1991 na Grand Theft Auto mwaka huohuo shahada ilipoanza. Chuo na studio vilikuwa mji mmoja mdogo, na watu wakajuana. Kwa miaka mingi chuo kiliendesha Dare to be Digital, mashindano ambamo vikundi vya wanafunzi, wachoraji na waandika programu pamoja, viliwekwa kiangazi kizima kutengeneza gemu ya mfano huku wataalamu wa studio wakipita kuwakosoa. Mwisho wake kulikuwa na maonyesho ya wazi: watoto na wazazi wa mji wakipanga foleni, wakicheza, wakichagua waliyoipenda. Yaani aliyewahukumu wanafunzi mwishoni ni mtoto wa jirani.

Mhitimu: Mimi nimesoma hukohuko Uskoti, na sikatai hata moja kati ya hayo. Ila niwaambie yaliyonikuta, maana wakubwa huwa mnasimulia mradi ukiwa umeshapambwa. Tulikuwa sita. Mteja wetu, ambaye sitamtaja, alitaka gemu ya simu ya kufundishia. Tukachora, tukaandika programu, tukapima vidole vya watoto kwenye kioo cha simu, vitufe vikawa vikubwa vya kutosha. Wiki ya saba akatuma barua pepe ya mistari mitatu: bosi wake mpya anataka icheze kwenye kompyuta za shule. Vitufe vyote, kamera, kila kitu kilipangwa kwa kidole, sasa kinatakiwa kipangwe kwa kipanya. Tulibomoa. Tukalala maabara.

Mwenye studio: Pole, lakini hayo ndiyo maisha ya kazi, ndugu yangu. Mimi wateja hunifanyia hivyo kila mwaka.

Mhitimu: Najua, kaka. Ila wewe ukifanyiwa hivyo unatuma ankara ya pili. Sisi tulituma nini? Na hilo halikuniuma kama lililofuata. Mwanzoni tulisainishwa hati ya usiri. Nilikuwa na haraka, nikasaini. Nimemaliza chuo, naenda kwenye usaili, naambiwa onyesha kazi yako bora. Kazi yangu bora imefungiwa. Nilikuwa na miezi minne ya jasho, na kwenye mkoba wangu wa kazi ukurasa mtupu. Mwenzangu aliyekataa mradi wa mteja, akatengeneza kigemu chake cha paka anayepanga vyombo jikoni, yeye aliajiriwa kabla yangu.

Hapa Mwenye studio alitaka kujibu upesi, na jibu lake si baya: studio ikivujishiwa gemu ambayo haijatangazwa, inaweza kupoteza mkataba na mchapishaji, na mkataba ukienda, mishahara ya watu thelathini inakwenda nao. Usiri katika kazi hii haukuzuliwa kuwaonea wanafunzi.

Mhadhiri: Basi usimpe mwanafunzi siri yako. Mpe swali ambalo studio yako imekosa muda wa kulijibu. Kila studio ina daftari la mawazo yaliyowekwa kando: je, gemu ya mdundo inaweza kuchezwa na mtu asiyesikia? Je, mchezaji anaweza kuongoza wahusika wawili kwa mkono mmoja? Hayo hayamo kwenye mkataba wa mtu. Vijana sita wakiyafanyia utafiti wiki kumi na mbili, wakatengeneza viwanja vya maboksi matupu, bila rangi, bila mapambo, wakapima, wakakwambia "inawezekana" au "haiwezekani na sababu ni hii", wewe umepata jibu na wao wamepata kazi ya kuonyesha. Haya, siri iko wapi?

Mwenye studio: Hapo umenipata. Sikuwahi kuufikiria mradi kwa namna hiyo. Mimi huwa nawapa vile vilivyobaki.

Nadhani hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote katika mjadala huu, na halisemwi vya kutosha. Waajiri wengi huleta chuoni masalia: ukurasa wa matangazo, kigemu cha kupamba hafla ya kampuni, kazi ambayo mtu wao aliikwepa. Utrecht walileta tatizo lao lenyewe. Manispaa ile haikujua jinsi ya kumfanya mkazi auone mji ambao bado haupo, na kwa kuwa haikujua, iliwaachia wanafunzi nafasi ya kufikiri. Agizo lenye jibu tayari ndani yake humfanya mwanafunzi kuwa kibarua. Lenye swali la kweli humfanya mbunifu.

Mhitimu: Nakubali, ila bado mnazungumza kana kwamba wazo zuri hutoka kwa mteja. Tazameni gemu ya Portal. Chanzo chake ni Narbacular Drop, gemu ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, kule Redmond, jimbo la Washington, mwaka 2005. Binti mfalme, shimo, na milango miwili inayounganisha sehemu mbili za chumba. Hakuna aliyewaagiza. Watu wa kampuni ya gemu ya Valve waliiona kwenye maonyesho ya chuo, wakawaita, na mkuu wao, Gabe Newell, akaliajiri kundi zima. Oktoba 2007 Portal ikatoka. Mwajiri alikuja baada ya wazo, hakuja kabla. Na mtazameni Jenova Chen, pale Chuo Kikuu cha Southern California, mwaka huohuo 2005. Yeye na wenzake walitengeneza Cloud: mtoto amelazwa hospitalini, anaota anaruka na kuyakusanya mawingu. Hiyo ndiyo njia iliyomfikisha kwenye Flower mwaka 2009 na Journey mwaka 2012. Niambieni ni mwajiri gani angeandika agizo la mtoto mgonjwa na mawingu.

Mwenye studio: Mimi nisingeandika.

Mhitimu: Asante kwa ukweli wako. Basi wanafunzi wasipewe wateja wakati wa miaka ambayo akili zao bado hazina bei.

Mhadhiri: Subiri hapo, mwanangu, umepita jambo mbiombio. Cloud ilikuwa na mfadhili. Chuo chenyewe kilitoa dola 20,000 kutoka mfuko wake wa ubunifu wa gemu. Kwa hiyo palikuwa na aliyelipia, na aliyelipia akasema fanyeni mnachokiota. Mimi sina mfuko huo. Vyuo vingi havina. Na Narbacular Drop uliyoitaja, kwa sera ya DigiPen, gemu za wanafunzi zilikuwa mali ya chuo. Valve waliwachukua watu na wazo, ila Portal ikabidi ipewe hadithi nyingine na wahusika wengine. Mteja hakuwepo, lakini kijana hakumiliki alichokitengeneza. Kumwondoa mwajiri darasani hakumfanyi mwanafunzi kuwa huru.

Nimewahi kumsikia mtu akiutumia mfano wa Portal kuufunga mjadala huu, na kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Ni mfano mgumu kwa upande ninaouunga mkono. Ninachokiona sasa ni kwamba mwanafunzi anahitaji yote mawili, kwa mpangilio: kwanza apate mahali pa kutengeneza kile ambacho hakuna aliyekiomba, mwaka wa pili tuseme, kisha mwaka wa tatu akutane na mtu wa kumwambia "sikielewi". La kwanza likikosekana, chuo kinazalisha watekelezaji wa maagizo. La pili likikosekana, kinazalisha watu wasiojua kumaliza.

Mzazi alikuwa kimya muda mrefu. Alikuwa na karatasi.

Mzazi: Mimi si mtu wa gemu. Nauza vitambaa. Naomba tuhesabu kidogo. Kijana wangu, wewe mwenye studio, unasema unatoa muda wako. Muda gani?

Mwenye studio: Mtu wangu wa ngazi ya juu, nusu siku kila wiki, wiki kumi na mbili. Hizo ni siku sita kamili za mtu ambaye wateja wananilipa vizuri kwa kila siku yake.

Mzazi: Siku sita. Vijana ni sita, kila mmoja siku mbili kwa wiki, wiki kumi na mbili. Nimepata siku 144. Na karo ya siku hizo zote nimelipa mimi.

Mwenye studio: Mama, hizo ni siku za mtu anayejifunza. Programu wanayoiandika, nyingi naitupa. Si dharau, ndivyo ilivyo hata kwa wafanyakazi wangu wapya.

Mzazi: Ukiitupa, hatuna ugomvi. Usipoitupa?

Mhadhiri: Hilo swali, mama, ndilo wenzangu wengi hulikwepa, na tukilikwepa tunawaumiza watoto. Wanaiga fomu ya mradi kutoka chuo cha Uingereza, wanabadilisha nembo, wanampa mwanafunzi wa Nairobi. Sheria hazifanani. Uingereza, kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988, kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini mwanafunzi si mwajiriwa, na kazi iliyoagizwa hubaki ya aliyeitengeneza mpaka atie saini kuitoa. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vingine. Kwa hiyo fomu ikinyamaza, kijana wa Dundee anaondoka na kazi yake, na kijana wa Nairobi anaweza kuondoka mikono mitupu. Karatasi ni ileile, neno kwa neno.

Mhitimu: Hilo sikulijua. Na niongeze la malipo. Uingereza mwanafunzi anayefanya mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya shahada, yasiyozidi mwaka, sheria ya kima cha chini cha mshahara haimhusu. Hivyo hata kule kwenye sheria nyingi, pengo lipo, na lilifunguliwa kwa makusudi ili waajiri wasiogope kuwapokea wanafunzi. Wanaofaidi zaidi ni waliozaliwa karibu na studio. Mimi nilikuwa nalipa nauli na chumba, na usiku naosha vyombo mkahawani. Mwenzangu alikuwa analala kwao.

Mzazi: Na huku atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ni hivyohivyo. Binti wa dada yangu alikaa miezi mitatu ofisini akipiga fotokopi na kuleta chai, akarudi na barua ya sifa.

Mwenye studio: Mimi siwatumi chai.

Mzazi: Nakuamini, baba. Ila barua ya mkataba haijui kwamba wewe ni mtu mwema.

Hapa Kenya kila mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwenye mfuko wa mafunzo unaosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na jirani zetu Tanzania, bodi ya mikopo ya HESLB ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wanaostahili. Nayataja hayo mawili kwa kifupi kuonyesha kwamba fikra ya kugharimia mafunzo ya kazini si ngeni katika nchi zetu. Lakini mipango hiyo ilifikiriwa kwa kiwanda, shamba, benki, ofisi ya serikali. Studio ya watu saba kwenye ghorofa ya tatu, isiyo na hata ofisa utumishi, haiko kwenye picha hiyo.

Mzazi: Nina swali jingine, tena hili ndilo lililonileta. Januari 2024 Microsoft walipunguza watu 1,900 upande wa gemu. Mwezi uliofuata Sony wakapunguza 900 na kutangaza kuifunga studio yao ya London. Hao ni watu wenye uzoefu. Mnamwandalia mwanangu kazi ipi?

Pakawa na ukimya. Aliyejibu kwanza ni Mhitimu.

Mhitimu: Dundee wanalijua hilo swali, mama. Mwaka 2010 Realtime Worlds walitoa gemu yao kubwa, APB, na Agosti mwaka huohuo kampuni ikaanguka. Mji mdogo, watu wengi barabarani kwa mpigo mmoja. Waliosalia wakafungua studio ndogondogo. Walimu wangu walituambia wazi: msijifunze kufanya kazi kwenye kampuni moja kubwa, jifunzeni kutengeneza kitu kidogo kinachokamilika.

Mhadhiri: Nami ndiyo sababu sitaki wateja wangu wote wawe studio za gemu. Manispaa ya Utrecht haikuwa studio. Mwaka 2016 ilitoka Sea Hero Quest, iliyotengenezwa na Glitchers wa London, wanasayansi wa chuo kikuu cha UCL wakiwemo, Deutsche Telekom wakitoa pesa. Mchezaji anaongoza mashua baharini, na njia anazozichukua huwasaidia watafiti kuelewa jinsi watu wanavyojua mahali walipo, uwezo ambao ugonjwa wa Alzheimer huuharibu mapema. Watu zaidi ya milioni nne waliicheza. Sasa fikirini hospitali ya kaunti inayotaka watoto wenye kisukari wajue kuhesabu wanga kwenye chakula. Fikirini makumbusho ya Fort Jesus, ambako mwanafunzi wa shule anapita mbele ya mzinga wa Wareno na kuendelea na safari. Hao wana maswali ya kweli. Hawajui kuyatamka kwa lugha ya gemu, na kazi ya mwanafunzi ni kuwatafsiria.

Mwenye studio: Hao ndio wateja wagumu kuliko wote, mwalimu. Daktari atakwambia "fanya kitu kizuri" na kupotea miezi miwili.

Mhadhiri: Kwa hiyo utakuja kunisaidia kuwabana. Wewe uwe mlezi, wao wawe wateja. Hutakuwa na siri ya kulinda, wala hutamiliki chochote, na nusu siku yako itakuwa msaada wa kweli.

Mwenye studio: Na alama? Maana mara nyingi nimeombwa nitoe alama, nami sijui kuzitoa. Kundi lililonifurahisha lilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyefanya kazi ya watano.

Mhadhiri: Hutatoa alama. Utatoa maoni, nami nitayasoma. Alama natoa mimi, kwa daftari la kila mwanafunzi, kwa kumbukumbu za majaribio, kwa yale waliyoyaondoa na sababu walizozitoa. Kundi linaweza kumletea mteja gemu iliyokufa na bado likafaulu kwa daraja la juu, kama linajua kwa nini ilikufa. Siku mteja atakapoanza kutoa alama, wanafunzi wataacha kumwambia kwamba wazo lake ni baya.

Mhitimu: Iandikwe kwamba mteja anakuja mwenyewe. Wiki ya tatu, ya sita, ya tisa. Kama ni barua pepe, hata ya mistari mitatu, haihesabiki.

Mwenye studio: Nakubali. Na baada ya wiki ya nne sibadilishi chombo: kama ni simu, ni simu.

Mhitimu: Majina yetu yote sita kwenye orodha ya watengenezaji, na ruhusa ya kuonyesha kazi kwenye usaili.

Mwenye studio: Nakubali.

Mhadhiri: Hakimiliki inabaki kwa wanafunzi. Wewe unapewa ruhusa ya kuitumia kujaribia ndani ya studio, bila kuiuza.

Mwenye studio: Hapo nasita. Nikija kuitaka?

Mzazi: Ukiitaka unanunua, kama mimi ninavyonunua vitambaa.

Mwenye studio: Sawa, mama. Tutakaa mezani upya na bei itajadiliwa. Nauli nitalipa, na chakula cha mchana siku wanazokuja. Mshahara siwezi. Nikiwalipa sita, namfukuza mmoja wa wangu.

Mzazi: Usipowalipa, wanaotoka mbali hawatakuja, na utabaki na watoto wa Westlands.

Mhadhiri: Basi wasije kwako. Siku zote mbili wafanyie kazi maabara yangu, wewe ndiye upande matatu. Nauli yao uielekeze kwa mwanafunzi ambaye hana kompyuta nyumbani, aazimwe moja kwa wiki kumi na mbili.

Mwenye studio: Kompyuta ninazo mbili za ziada. Ila nao waandike upande wao: kila jioni kabla ya kuondoka, faili zinarudi kwenye hifadhi ya pamoja, na hakuna anayebadilisha jina la mhusika mkuu bila kuwaambia wenzake.

Mhitimu: Hilo tuandike la kwanza.